Timbo la Kokoto Likome Kabla ya Maji

Mwamba wa matumbawe tunaouchimba Mombasa umejaa mianya. Mvua ikishapenya humo haichujwi tena; huteremka na kila ilichobeba. Anayechuja ni udongo wa juu, na udongo huo ndio tingatinga huanza kuukwangua. Ndiyo maana naona kabla ya kuruhusu timbo, swali la kwanza liwe la kina. Sakafu itaishia wapi?

Zibaki mita 2 za mwamba mkavu juu ya kiwango cha juu kabisa cha maji, na mimi nisingeafiki pungufu ya hapo. Wengi hukosea kwenye kupima. Wanapima Februari, kiangazi, wanachimba mpaka karibu na alama hiyo, halafu masika ya Mei yanaleta maji sakafuni. Karibu na pwani, kisima pia hufuata bahari, na wakati wa bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hapa hupita mita 3. Pima siku za bamvua. Kisima huchelewa nyuma ya bahari, basi teremsha tepu kila saa hadi uone maji yameanza kushuka. Toboa visima vya kupimia 3, vikae kama mafiga, si kwa mstari mmoja, ndipo utajua maji yanaelekea kwa jirani yupi.

Sakafu ikishatoa maji, wenye timbo huleta pampu, na hapo ndipo hasara kubwa inapoanza. Maji matamu yameelea juu ya maji ya chumvi: kila mita 1 iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia takriban mita 40 za maji matamu chini yake. Yashushe nusu mita tu, na chumvi inaweza kupanda polepole mita 20. Mama anayeteka mtungi mtaa wa pili ndiye atakayeionja kwanza, na kuirudisha chini huchukua miaka.

Maji ya kuoshea kokoto hutoka meupe kama tui. Yakiachwa yafike horini, tope hufunika mizizi ya kupumulia ya mikoko. Chembe ya milimita 0.02 huzama chini ya nusu milimita kwa sekunde. Kwa mita za ujazo 20 kwa saa, bwawa la kutulizia lahitaji kama mita 15 za mraba. Jenga mara mbili yake. Maji yaingie mwisho mmoja yatokee mwisho wa pili, maana mabomba yakikaribiana maji hukatiza njia na tope lake. Sakafu ya bwawa izibwe kwa mfinyanzi au saruji, tope lizolewe likifika theluthi ya kina, na maji yarudi kuoshea.

Dizeli: tangi la lita 1,000 likae ndani ya ukuta wa zege unaobeba lita 1,100, chini ya paa, la sivyo mvua itaujaza kabla ya dizeli kumwagika.

Kinachoniumiza zaidi ni matimbo yaliyokwisha kuchimbwa kugeuzwa jalala, na magari ya kunyonya vyoo kumwaga humo usiku. Huko ni kumwaga kisimani. Timbo lililokwisha laweza kuoteshwa: kwenye matimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, miti ilianza kupandwa mwaka 1971 juu ya mwamba mtupu, na mivinje ikastahimili. Udongo uliokwanguliwa siku ya kwanza urundikwe kando, usiuzwe, na urudishwe kabla lori la mwisho halijatoka.