Mtu Mzima Umpe Sungura?

Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja, mgeni mwenye umri wa miaka hamsini na ushei, alinilalamikia kwamba kamusi yake haina neno "nyuso". Alikuwa ameisaka herufi N yote. Nikamwambia atazame "uso". Akanikodolea macho kama beki aliyepigwa chenga.

Sisi tuliozaliwa na lugha hii hatuyaoni haya. Anayejifunza Kiswahili ukubwani hana budi kwanza azoee kulivua neno mavazi yake: meno ni jino, nyimbo ni wimbo, na ndani ya "walivyotusomesha" amejificha soma. Asipolitambua hilo, kila ukurasa ni msitu. Akilitambua, soma linamletea msomaji, msomi, kisomo na somo bila kukariri. (Ila somo wa unyago, yaani kungwi, huwatoa jasho.)

Kwa hiyo orodha za maneno ya kukariri sizipendi. Paul Nation, mtaalamu wa msamiati wa Kiingereza, alikadiria mwaka 2006 kwamba kusoma riwaya au gazeti la Kiingereza bila kusaidiwa kunahitaji familia za maneno (neno pamoja na jamaa zake) 8,000 hadi 9,000. Kariri kumi kila siku, usisahau hata moja, na bado utamaliza miaka miwili na zaidi. Na nani asiyesahau? Neno hukaa kichwani ukilikuta mara nyingi, kila mara liko na wenzake wengine.

Basi wasome nini? Hapo ndipo tunapokwama. Tunawapa hadithi za sungura na fisi, au gazeti ambalo kila kiongozi "amebainisha" na "amesisitiza". Zamani tulikuwa na akili zaidi. Mradi wa kisomo wa Mwanza, ulioanza 1968 kwa msaada wa UNESCO, uliwaandikia wakulima vitabu vya pamba na wavuvi vitabu vya uvuvi. Wengi wao nyumbani walizungumza Kisukuma. Kiswahili kilikuwa lugha ya pili, lakini pamba waliijua kuliko mwalimu.

Huyu wangu nilimpa habari za mpira, Simba na Yanga, kila Jumatatu. Maneno ni yale yale: bao, kipa, mkwaju, dakika za nyongeza. Wiki ya tatu akaja na swali: mbona mchezaji ni mtu na mchezo si mtu, ilhali wote wanaanza na m? Kamusi alikuwa ameiacha nyumbani.