Mawakili Wamenipata, Mahakama Sijaipata

Leo nimefungua sanduku la barua nikakuta wakili mwingine. Wa nane huyu. Ananiita Mpendwa Bwana Athumani, halafu chini kwa herufi nyekundu ananionya nisilipe tiketi ya mwendo kasi kabla sijampigia simu. Baba, tiketi imeshalipwa, kesi imekwisha, darasa nimelisoma mpaka makalio yakafa ganzi. Ulikuwa wapi wiki zile nazunguka kuitafuta mahakama yangu kama kuku anayetafuta pa kutagia?

Maana kukamatwa si kazi. Hapa Houston kukamatwa ni rahisi kuliko kupata fundi bomba. Nilikuwa natoka kazini kwenye maboksi alfajiri, barabara nyeupe, mwili una usingizi, mguu hauna habari. Kibao 45, mimi 61. Maili hizo, msinicheke. Kwa kilomita ni kama 98, na mnajua wenyewe ukipita Chalinze na 98 kwenye kibao cha 50 utakavyomsalimia afande kwa heshima zote. Nyuma yangu taa zikawaka. Jamaa akaja na tochi, akaandika, akanitakia asubuhi njema, akaondoka. Hakuna "mkubwa, tunaongeaje?" Hapa ukiuliza tunaongeaje unapewa kesi ya pili, na hiyo ndiyo yenye nondo.

Karatasi nikaitia mfuko wa suruali. Mama Zawadi akaifua.

Simlaumu. Namlaumu, lakini anajua kusoma. Ilitoka kwenye mashine imekuwa kidonge mfano wa kashata. Nikaikunjua kwa kijiko, nikaianika juu ya heta, nikaambulia nusu ya sahihi yangu mwenyewe. Jina la mahakama limekwenda na maji, tarehe imekwenda na maji, namba ya tiketi ndiyo usiseme. Na tarehe ya kujibu ikikupita hapa wanatoa hati ya kukukamata, halafu siku ya kuhuisha leseni unaambiwa dirishani kwamba kuna jambo kwenye kompyuta.

"Si uitafute mtandaoni," akasema Mama Zawadi, yeye aliyefua.

Haya. Kaunti ya Harris, yenye Houston, imekatwa vipande 8, kila kipande kina mahakama mbili za Hakimu wa Amani, yaani za kesi ndogondogo, jumla 16. Hapo hujagusa mahakama ya jiji la Houston, wala vile vijiji vilivyomezwa na Houston vikagoma kusagika, Bellaire na West University Place na wenzao, kila kimoja na polisi wake, hakimu wake na dirisha lake la malipo. Ukiandikiwa na polisi wa jiji, kesi inakwenda mahakama ya jiji. Ukiandikiwa na konstebo, sherifu au askari wa jimbo, inakwenda kwa Hakimu wa Amani. Sasa mimi nimemulikwa machoni gizani, nimeona nyekundu na bluu, nilikuwa na nafasi ya kumuuliza mtu ukoo wake?

Kutafuta kwenyewe bure, ila wanataka namba ya tiketi. Ningekuwa na namba ya tiketi ningekuja kwenu kutafuta nini? Basi jina. Jina la mwisho kwanza, la kwanza mwisho. Mimi la kwanza langu, la pili la baba, la tatu la babu, kwa hiyo Marekani nzima inamtafuta babu yangu, ambaye hakuwahi kuendesha hata baiskeli. Halafu ile h ya Athumani haiwapi raha. Nikajaribu Atumani. Nikajaribu Athuman. Nikajaribu Ahtumani. Akatokea mmoja, moyo ukaruka, kumbe yeye kashtakiwa kwa kodi ya nyumba.

Tovuti za pembeni ndizo zenye ukarimu. Unaandika jina, gurudumu linazunguka, kisha: tumepata rekodi zako 14, lipia uzione. Kumi na nne! Kidogo nilipe, angalau nijue nimefanya nini tena hapa duniani. Wale wa ujumbe wa simu, wanaodai ni ofisi ya magari na namba yao inaanza na +63 ya Ufilipino, hao nimewazoea. Nawaambia nami nina mzigo umekwama bandarini, wanitumie ada ya kuutoa.

Siku ya tisa ndipo zikaja barua za mawakili. Tatu kwa mpigo. Rekodi za mahakama ni za umma, na mawakili wa huku wanazivizia kama wachuuzi wanavyovizia ngalawa pale Deep Sea, soko la samaki la Tanga. Nikafungua ya kwanza kwa mikono inayotetemeka. Namba ya kesi, ipo. Mahakama, ipo, na kumbe aliyeniandikia ni konstebo. Tarehe ya kujibu, ipo, imebaki siku tano. Na jina langu: Atumhani. H ilikuwa imehamia upande wa pili wa mto.

Nikaenda dirishani na barua ya wakili, si kwa ajili ya kumlipa, ila kama mtu anayekwenda msibani na picha ya marehemu. Dada wa dirishani akaniuliza kama nitahitaji mkalimani. Kiingereza ninacho, tatizo ni cha kuombea ovataimu, si cha kujitetea. Tena mkalimani ni bure. Nikatanua kifua, nikasema Kiswahili, lugha ya Umoja wa Afrika. Akaandika, akanipa tarehe.

Siku yenyewe nikavaa suti ya harusi yangu, ambayo inanibana kwa sababu zinazojulikana. Huyu Hakimu wa Amani wa Texas si lazima awe amesomea sheria, na kazi zake ni kama za mjumbe wa nyumba kumi aliyepewa joho: anatoza faini, anaamua madeni madogo, anawatoa wapangaji, halafu anafungisha ndoa. Kwenye benchi kushoto kwangu mzee anayetolewa nyumbani, kulia kwangu bibi harusi na maua yake. Bwana harusi alikuwa anatoka jasho kutushinda sote.

Nikaitwa. Hakimu akabonyeza simu ya mezani, ikalia, ikapokewa na sauti nzito ya mkalimani.

"Jambo, papa."

Mimi mtu wa Tanga. Papa kwetu anaanikwa. Lakini nikasema huyu ni mtu mzima, nikamwamkia shikamoo. Akajibu, "Jambo sana." Adabu ikaanguka pale pale mbele ya bendera.

Hakimu akasema maneno yake, sauti ikayaleta: "Papa, zuzi anasema, banakushitaki ulikuwa unakimbiza motokari mbio sana. Ulisikia vizuri?"

"Sikusikia kitu," nikamwambia, "vioo vilikuwa vimefungwa."

Akaitafsiri hivyo hivyo. Hakimu akavua miwani.

"Hapana, papa. Maneno ya zuzi. Ulisikia? Uliyaelewa?"

Kumbe kwao zuzi ni hakimu, na kusikia ndiko kuelewa. Nikasema nimeelewa. Hakimu akavaa miwani.

"Sasa, papa, uko na njia tatu."

"Ndiyo," nikasema, "na mimi nilikuwa ya katikati."

Kimya. Nikasikia mtu anameza mate huko alikokuwa. "Njia za kujibu, papa. Ya kwanza, unakubali kosa. Ya pili, unakatala. Ya tatu..." akavuta pumzi, "ya tatu, haukatale, lakini haukubali."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Kwetu mtu asiyekataa wala kukubali ni mwari aliyeletewa posa, na kule kunyamaza kwake kunahesabiwa ndiyo, wanaleta mahari. Baadaye nimekuja kujua neno lenyewe ni Kilatini, nolo contendere. Yaani Kilatini kimetoka Roma, kikapita kwenye Kiingereza cha Texas, kikavuka Kongo, ndipo kinifikie mimi mtoto wa Korogwe niliyebanwa na suti.

"Nikisema hiyo ya tatu," nikauliza, "nalipa?"

"Unalipa."

"Na nikikubali?"

"Unalipa."

"Tofauti iko wapi, kaka?"

"Papa, mimi siko na ruhusa ya kukupa shauri."

Hakimu akauliza tunazungumza nini. Akaelezwa. Akasema nijibu.

"Mwambie mheshimiwa sikatai."

"Ni kusema unakubali?"

"Sijasema nakubali."

"Ni kusema unakatala?"

"Sikatai!"

"Papa, ni kusema ile ya tatu?"

"Hiyo ya tatu sijaielewa! Sijaisikia!"

Nyuma bibi harusi akaangua kicheko. Hapo heshima ikanitoka, na kifungo kimoja cha suti. Nikasema ndugu zangu, mimi nimetoka kazini alfajiri, sijalala, saa tisa naingia zamu nyingine, mtoto ana homa, nyumbani wananipigia kila siku kama benki, gari lenyewe ndilo linalonipeleka huko ninakopata hela za kulipia gari lenyewe. Nilikwenda 61, nimekuwa nakwenda 61 toka nimeshuka kwenye ndege nchi hii, na sijafika. Andikeni mnachotaka.

Simu ikanyamaza. Kisha yule bwana akayachukua maneno yangu yote, pamoja na homa ya mtoto, akayatafsiri kwa neno moja la Kiingereza. Hakimu akatikisa kichwa, akaandika. Hatia.

Tena akaniuliza kwa upole kama nataka darasa la udereva wa kujihami, nilifute kosa lisiingie kwenye rekodi. Linaruhusiwa mara moja kwa miezi 12, na ukiwa umezidisha maili 25 hulipati. Mimi nimezidisha 16, kumbe nilikuwa dereva wa wastani. Kulipa unalipa vilevile, maana ada ya jimbo peke yake ni dola 62, na nyingine zinafuata nyuma kama watoto wa bata. Halafu lazima nipeleke nakala ya rekodi yangu ya udereva, naagiza jimboni kwa dola 12. Rekodi yangu mimi, nainunua mimi, nawapelekea wao ambao ndio wanaoiandika.

Kabla simu haijakatwa nikamuuliza mkalimani kwao wapi. Akasema Uvira, huko Kongo. Uvira! Ukisimama kwao unaambiwa ziwa ni lile lile la Kigoma. Nikamuuliza dagaa mnaziitaje. "Ndagala," akasema, na sauti yake ikalegea kabisa, akaanza kunieleza mama yake alivyokuwa akizikaanga na mafuta ya mawese, na mimi nikamwambia kwetu ni nazi, akasema hapana papa, nazi inaharibu, nikasema nani kakudanganya. Hakimu akabonyeza kitufe. Mjadala haukwisha. Nazi haiharibu.

Darasa lina urefu wa saa sita kwenye kompyuta, na ukijaribu kuruka ukurasa saa inakugomea. Nimejifunza kwamba mvua inatelezesha.

Lakini zile ndagala zimenikaa kichwani. Jumamosi nikawasha gari kwenda duka la Waafrika kule Bissonnet, kibao 35, mimi 34, nyuma yangu msafara kama wa rais, honi mpaka kwa mama mmoja mwenye gari la kanisa. Nikafika. Dagaa za Kigoma zipo, pakiti ndogo ya kiganja, dola 11. Nikamuuliza muuzaji kama zimekaangwa na dhahabu. Akasema bei ya ndege hiyo, kaka. Nikalipa, nikarudi 34 vilevile, Mama Zawadi akazimwaga kwenye ungo, akapepeta, akapepeta tena, akaniita jikoni.

Nusu mchanga.

Kanituma nizirudishe leo leo. Na risiti wanaitaka. Ipo, niliitia mfuko wa suruali, na suruali naisikia inazunguka kwenye mashine.