Kopo la Toronto, kete ya Ngamiani

Nikipiga simu nyumbani Tanga, wadogo zangu wa Ngamiani hawaachi kuniuliza: "Kaka, huko Kanada bangi ruksa, mbona sisi tunakamatwa?"

Ruksa kweli, tangu Oktoba 17, 2018. Lakini hapa Ontario ukiingia dukani unadaiwa kitambulisho, na kama hujatimiza miaka 19 huuziwi. Kopo lina kifuniko kinachomshinda mtoto, limeandikwa kiasi cha THC, ile kemikali ya bangi inayolevya, na lina onyo kwenye kibandiko cha manjano. Kete ya kwetu imefungwa karatasi ya daftari. Ina nguvu kiasi gani, hata muuzaji hajui.

Mtoto wa mama mdogo alianza kuvuta akiwa darasa la saba. Alipofika miaka 19 akaanza kusikia sauti. Tukaambiwa karogwa. Tukazunguka naye kwa waganga, Muheza hadi Pangani, miezi minane ikapita ndipo tukamfikisha kwa daktari wa akili. Si kila mvutaji anaugua hivyo, ila hatari inaongezeka kwa anayeanza mdogo na kuvuta kila siku, maana ubongo unaendelea kukomaa mpaka karibu miaka 25. Shuleni tuliambiwa tu bangi ni ya wahuni, basi.

Kwenye pombe, hata Kanada siisifii. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilishaihesabu pombe kuwa kisababishi cha saratani tangu 1988. Mwaka 2017 huko Whitehorse, Yukon, chupa zikabandikwa onyo hilo. Wenye viwanda wakaja juu, na baada ya mwezi hivi ubandikaji ukasimamishwa. Mnywaji alikuwa na haki ya kuambiwa.

Kwetu serikali ikiamua inaweza: viroba, vile vifuko vya pombe kali vilivyokuwa vikining'inia gengeni pembeni ya pipi vilipigwa marufuku Machi 1, 2017. Gongo ni haramu miaka mingi na bado inapikwa, na anayekunywa hana njia ya kujua kama ina methanoli, ile inayopofusha macho.

Sisemi bangi ihalalishwe kesho. Nataka mgonjwa apelekwe hospitali kabla ya mahabusu, na sheria ya kutomuuzia pombe aliye chini ya miaka 18 isimamiwe kwenye grosari zetu. Desemba nilikuwa likizo, nikamwona mtoto wa miaka kama tisa ametumwa bia. Muuzaji akamfungia chupa tatu kwenye mfuko, akampa chenji na pipi moja. Mimi ningeanzia hapo kwenye kaunta, bangi tungebishania baadaye.