Diski ninayo, gemu sina

Zamani pale Kirumba, Mwanza, ukiwa na shilingi mia unaingia kibanda cha gemu, unapewa pedi ya kuchezea (daima ile yenye kijiti kilicholegea, beki anajitembelea mwenyewe kuelekea kona), mechi inaanza. PlayStation 2 ilitoka mwaka 2000, na kadi yake ya kumbukumbu ilikuwa ya MB 8 tu. Ligi nzima ya mtaa ilikaa humo!

Jana nimenunua diski kwa hela yangu, nimeitumbukiza, naambiwa nisubiri ipakue GB 40 kwanza. Bando la wiki likakata kwenye asilimia 11. Mdogo wangu kakaa na pedi mkononi: "Kaka, bado?" Bado nini, na umeme nao umeshakatika? Sasa hiyo diski ina nini ndani, jalada?