Unafunga CNC nyumbani? Muite seremala kabla ya mtu wa kompyuta

Naona vijana wengi saivi wanaagiza zile mashine ndogo za CNC za kuchonga mbao, yaani zinazoongozwa na kompyuta, zile zinazokuja vipande vipande ndani ya boksi unafunga mwenyewe nyumbani, na kwa kweli nafurahi sana, ila kuna kitu kimoja kinaenda ndivyo sivyo karibu kila mara. Boksi likifika tu anaitwa yule rafiki anayejua kompyuta. Wanafungua, wanakaza bolti fasta fasta, na kabla jua halijazama laptop imeshachomekwa wanahangaika na programu. Mashine inatembea, wanapiga video, kila mtu ana raha. Alafu kazi ya kwanza inatoka duara limekuwa kama yai, herufi za upande wa kushoto zimezama na za kulia hazijagusa mbao kabisa, na lawama zote wanatupiwa programu na aliyeuza.

Msimamo wangu ni huu: kufunga CNC ni useremala kwanza, kompyuta inakuja nyuma kabisa. Kama una nafasi ya kumuita mtu mmoja tu akusaidie, muite fundi seremala, tena yule wa makabati na milango ambaye maisha yake yote amekuwa akigombana na pembe zisizokaa sawa.

Nazungumzia hasa ile aina inayoitwa 3018 maana ndo wengi wanaanzia hapo, eneo lake la kuchonga ni sentimita 30 kwa 18 na kina cha milimita 45 hivi. Ndani ya boksi unakuta fremu ya alumini, fimbo za chuma laini, skrubu ndefu za T8 za kusukuma kila upande, stepa mota tatu (mota zinazozunguka hatua kwa hatua) za saizi ya NEMA 17, mota ya kuchongea ya volti 24 wanayoiita 775, kishikio cha biti (kile kisu cha kuchongea) cha ER11, na bodi ndogo yenye programu ya GRBL inayoongoza mota. Hiyo GRBL ilianzishwa 2009 na jamaa wa Norway anaitwa Simen Svale Skogsrud, baadae akaja Sungeun Jeon akaiendeleza miaka mingi, na inagawiwa bure mpaka leo. Inakaa kwenye chip ya ATmega328 yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32 tu. Mwaka 1952 pale MIT Marekani walipoonyesha mashine ya kuchonga inayoongozwa na namba, namba zenyewe zilisomwa kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu na mitambo ya kuzisoma ilikuwa mikubwa kuliko mashine yenyewe, leo kazi hiyo inafanywa na kidude kinachoenea kwenye kidole.

Yaani upande wa kompyuta watu wenye akili zao walishaumaliza zamani na wametupa bure. Kitu ambacho hamna mtu anaweza kukuwekea kwenye boksi ni unyoofu. Pembe ya nyuzi 90 haiji kwa posta, unaitengeneza pale pale mezani kwako kwa mikono yako.

Mjomba wangu ni seremala, yuko Keko, Dar es Salaam, miaka na miaka, hajawahi kugusa mashine ya aina hii. Nilimuomba aje tu aangalie. Alipofika hakugusa bolti hata moja, akauliza, "Mjomba, hii meza imelala sawa?" Nikamwambia si ipo tu sawa. Akaomba kioo, kile kioo kinene cha dirisha, akakilaza mezani akasema fremu inafungiwa juu ya kioo kwa sababu kioo hakidanganyi, ubao wa meza unaweza kuwa umevimba katikati na jicho lisione. Basi tukaunga zile alumini juu ya kioo, bolti zote zimeingia lakini hamna hata moja iliyokazwa. Nikachukua ufunguo nikaze. "Usikaze bado mjomba."

Akatoa mraba wake wa chuma, akauweka ndani ya kila pembe, anainama anaangalia kuelekea dirishani kama kuna mwanga unapita kati ya chuma na alumini. Ukipita mwanga mwembamba kama unywele anagonga kidogo na kiganja, anaangalia tena. Alafu anakaza nusu pembe hii, anakwenda kukaza nusu pembe ya kukabiliana nayo, anarudi, hamalizi pembe moja kwa mkupuo kwa sababu ukikaza moja mpaka mwisho inavuta zingine zote. Baada ya hapo akapima mikingamo miwili, kutoka kona mpaka kona, na kitu kilichonifurahisha ni kwamba futi yake hakuanzia sifuri. Alianzia kwenye sentimita 10, alafu anatoa 10 kwenye jibu. Nikamuuliza kwanini, akasema kile kichuma cha mwanzo cha futi kinacheza, ukikiamini kwenye kazi ndogo kimekuumiza. Hiki kitu hamna mtu wa IT angeniambia, na mi nimetazama video za kufunga hizi mashine nyingi tu na sijaona hata mmoja anakisema.

Mikingamo ikilingana pembe za fremu yako ni za nyuzi 90, isipolingana legeza uanze tena, wala usijipe moyo kwamba tofauti ya milimita mbili ni ndogo. Kwenye mlango milimita mbili unairanda ikaisha. Kwenye mashine inaingia kwenye kila kitu utakachochonga mpaka siku utakayoifungua.

Mashine ikishaanza kutembea kuna kipimo cha kuhakikisha, na hiki ni kile kile cha mafundi wa msingi wanachofanya na kamba, tatu nne tano. Weka biti yenye ncha kali, iambie mashine ichome tundu dogo kwenye sifuri sifuri, lingine X (kulia kushoto) ikiwa 160 na Y (mbele nyuma) sifuri, lingine X sifuri Y 120. Sasa pima kutoka lile la 160 mpaka lile la 120, lazima upate milimita 200. Ukipata 201 au 199 lile daraja linalobeba mota ya kuchongea limekaa mshazari kwa fimbo za meza, na hamna namba yoyote ya kwenye programu itakayolinyoosha, rudi kwenye spana.

Hapa ndo nagombana na watu wa kompyuta zaidi. Wao kila tatizo wanataka kulitibu kwa kubadilisha namba. Kwenye GRBL kuna zile namba za $100, $101 na $102 zinazosema mota ipige hatua ngapi ili isogee milimita moja. Kwa 3018 nyingi namba ni 800 na haitoki hewani. Mota ina hatua 200 kwa mzunguko, draiva (kile kidude cha kwenye bodi kinachoendesha mota) inagawa kila hatua mara 16, hiyo ni 3,200, na skrubu ikizunguka mara moja inasogeza milimita 4, gawanya unapata 800. Sasa mtu anaiambia isogee milimita 100, anapima na rula anaona 99.6, anakimbilia kuandika 803. Hapana jamani! Ikienda 50 badala ya 100 hapo sawa, inawezekana skrubu uliyoletewa ni ya aina nyingine au ule mgawanyo wa draiva umewekwa tofauti, hapo badilisha namba. Ila ikikosea kidogo kidogo tafuta kilicholegea, kwa sababu ukiificha kwenye namba kesho inakosea upande mwingine na hujui tena ukweli uko wapi.

Na kinacholegea mara nyingi ni vile viskrubu vidogo visivyo na kichwa kwenye ile kapling inayounga mota na skrubu ndefu. Mhimili wa mota ni milimita 5, skrubu ni milimita 8, kapling inashika zote mbili, na mtikisiko wa kuchonga unavifungua polepole bila wewe kuona. Piga alama ya kalamu kwenye mhimili na kwenye kapling, alama zikiachana umeshajua. Kitu kingine ni kucheza kwa nati. Zima umeme, shika meza ya mashine usukume mbele na nyuma kwa vidole viwili, ukisikia tk tk kuna nafasi kati ya nati na skrubu, ndo maana pale kuna nati mbili na springi katikati, ile springi lazima iwe imebanwa. Kuna watu wanaifunga ikiwa imelegea wanaona kama pambo.

Alafu mota ya kuchongea lazima isimame wima kabisa juu ya meza, mbele nyuma na kulia kushoto. Funga waya uliopinda kwenye kishikio cha biti, uzungushe kwa mkono, ncha yake iguse karatasi kwa uzito ule ule pande zote nne. Baada ya hapo weka ubao wa MDF juu ya meza, ule wa kuumia badala ya meza, na mashine yenyewe iusawazishe wote kwa biti bapa. Herufi zinazozama upande mmoja mara nyingi chanzo chake ni hapa.

Sijasema mtu wa kompyuta hana kazi. Umeme wa bodi unataka mtu anayejua multimita, kwa sababu draiva kama A4988 zina kile kiskrubu kidogo cha kuweka nguvu ya mota, ukiweka kubwa draiva inaweza kuungua na ukiweka ndogo mota inaruka hatua katikati ya kazi. Na usichomoe waya wa stepa mota umeme ukiwa umewaka, hata mara moja, draiva inaweza kufa hapo hapo. Kwetu umeme ukikatika kuna shida ya ziada pia, hizi mota hazina kitu cha kuzikumbusha zilipo, zinahesabu tu hatua kutoka pale ulipoanzia, kwa hiyo ukirudi umeme mashine haijui iko wapi. UPS ndogo (betri ya akiba) inasaidia sana, na kama huna basi anzia sifuri yako kwenye kona ya mbao inayoonekana wazi, sio katikati, ili uweze kuirudia.

Vumbi nalipita haraka lakini naomba lisipuuzwe. IARC, ile taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, imeweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani, na mbao zetu kama mpingo na mvule vumbi lake linawasha ngozi na kubana kifua. Barakoa ya maana, miwani, na usiiweke mashine kwenye chumba mnacholala na watoto.

Kuna wanaoniambia kwanini mtu ateseke, si anunue iliyofungwa tayari. Swali langu kwao ni moja: ikianza kuchora duara kama yai nani atakuja? Wanaozijua hizi mashine mtaani kwetu bado wachache mno, na aliyekuuzia yuko ng'ambo. Aliyeifunga mwenyewe anajua kila bolti iko wapi na ilikazwa lini, akisikia sauti imebadilika anajua aanzie wapi. Iliyokuja imefungwa ikitikisika njiani tu, imekula kwako.

Na ndo maana naumia nikisikia watu wanaleta hizi mashine kama kitu cha kumuondoa fundi. Wachongaji wa milango ya Zanzibar na Lamu wana jicho ambalo hakuna chip itakayokuwa nalo, wanajua nyuzi za mbao zinaelekea wapi kabla patasi haijagusa, wakati mashine inapita tu ilikoambiwa hata kama mbele kuna fundo. Mi ningependa kuona vyuo vya ufundi vya VETA vinanunua hizi zikiwa kwenye boksi, sio zilizofungwa, alafu wanafunzi wa useremala na wa umeme wanakalishwa meza moja wazifunge pamoja. Wa umeme atajifunza mraba, wa useremala atajifunza amri za mashine kama G21 na G90 ni nini, na ikiharibika wapo wawili wa kuitengeneza.

Kama boksi lako bado liko njiani tumia huo muda vizuri. Tafuta mraba wa chuma wa uhakika, vernia kalipa, multimita ya bei ya kawaida inatosha, seti ya alenki nzuri kwa sababu zile zinazokuja kwenye boksi zinakula vichwa vya bolti, kichupa cha ile gundi ya kuzuia nyuzi za bolti zisifunguke, kipande cha kioo kinene, na MDF ya kuanzia. Kazi za mwanzo chonga MDF hiyo hiyo, nusu milimita kwa kila mpito, mninga uuache kwanza mpaka lile tundu la 160 na lile la 120 yakupe 200 kamili.