Nimelipa Nauli Kwenda Kuangalia Maji ya Kwetu

Hivi hapa Moshi kuna mwanaume mwingine aliyelipa nauli kwenda kuangalia maji yanayopita bure karibu na kwake? Mto Karanga huo hapo, daladala zinapita juu yake kila siku. Unaingia Weruweru, Weruweru unaingia Kikuletwa, Kikuletwa unakutana na Ruvu kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, na kuanzia hapo ni Mto Pangani mpaka baharini. Mama watoto anayajua yote hayo, jiografia alinizidi. Ila shoga yake kaolewa Pangani, kuna Maulidi, basi: "Baba, twende tukabadilishe hewa."

Hewa! Mtu wa mlimani unapelekwa Pangani kubadilisha hewa. Kule hewa ina jasho lake yenyewe. Na nimevalishwa suti, eti tusiaibike ugenini. Same, Mombo, Korogwe, suti. Kufika Muheza nimepakatishwa mfuko wa machungwa, na suti.

Mji ni wa kale kweli, hapo sibishi. Majumba ya chokaa, milango ya nakshi, boma. Shida ni kwamba ukitaka tu kuegemea ukuta upumzike, anatokea mtu kukupa historia ya huo ukuta. Mzee mmoja alinisimamisha jua la utosi: mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilikuja kupandisha bendera yake hapo, mji ukawaka. Abushiri bin Salim akaongoza vita pwani nzima, wakamkamata, wakamnyonga hapo hapo Pangani, Desemba 1889. Nikamwambia na sisi tuna Mangi Meli wetu, chifu wa Wachaga wa Moshi, Wajerumani hao hao walimnyonga Machi 1900. Tukatazamana kama watu waliokopwa na mtu mmoja, kisha akahama mtaa.

Pantoni ya Bweni tukapanda. Tukashuka. Tukapanda tena, maana ng'ambo hatukuwa na shughuli.

Usiku, Maulidi. Matwari yanalia, watu wamejipanga mstari wanayumba pamoja, hata mimi Mlutheri bega likaanza kwenda lenyewe. Likaja sinia la pilau, watu wanne mkekani. Magoti yangu yamezoea benchi la kilabuni, hayakunji. Nikajua hapa nyama nitaisikia harufu: mimi bado napoza tonge, wenzangu wanameza la tatu. Kumbe yule mzee wa historia, aliyekaa kushoto kwangu, anachambua mnofu kwenye mfupa, anausukuma upande wangu kwa vidole viwili huku anaangalia kwingine. Nikiumaliza, mwingine huo. Sasa hapo mtu unalalamikia nini? Nilikosa raha kabisa.

Nikaona bora nihamie kwenye kahawa. "Hii kahawa ya kwetu hii," nikamwambia muuza kahawa. "Hii ya Bukoba, mjomba." Haya, nikashika mto: maji yale, wazee wangu, yanatoka kwetu Kilimanjaro.

Mzee akaweka kikombe chini. "Ndiyo nyie? Mbona mnatuletea kidogo, tena na tope? Huko juu mnamwagilia, mnafunga mabwawa, huku bahari inapanda mtoni na minazi inakufa kwa chumvi."

Yaani nimekaa kwenye basi kutwa nzima kwenda kudaiwa maji! Mimi, ambaye bombani kwangu yanatoka yanapojisikia.

Na wakati wa kuaga, mama watoto kawakaribisha wote Krismasi. Krismasi, Wachaga wote wa Dar wakiwa wamepanda na magari yao, shemeji kalala sebuleni na wanangu wako stoo na ndizi! Mbuzi si tatizo, mzee kasema atachinja mwenyewe. Kisha akauliza kama ni kweli kwetu kuna baridi, aje na blanketi au atapewa. Kabla sijafungua mdomo, mama watoto kasema atapewa.

Nyumbani blanketi zito liko moja, na ni langu.