Akiba ya nyumba ya kwanza: Sacco isipimwe kwa riba peke yake

Kijana aliyeajiriwa Nairobi akiuliza leo aweke wapi pesa za kuanzia nyumba, jibu hupatikana kabla hajamaliza swali: fungua MMF. Mfuko huo wa soko la fedha, unaokusanya pesa za wengi na kuziweka zaidi kwenye dhamana za serikali na amana za benki, unahesabu faida kila siku, unaweka na kutoa kwa simu, na huhitaji kuomba ruhusa ya mtu. Sacco, yaani vyama vya akiba na mikopo? Hizo waachie walimu na wazazi wetu. Nimelisikia jibu hilo kutoka kwa watu ninaowaheshimu, na sidhani linamtendea haki anayeuliza.

Hoja yao ni nzito. Katikati ya 2024, riba ya msingi ya Benki Kuu ilipokuwa asilimia 13, dhamana za serikali za siku 91 zilikaribia asilimia 16, na mifuko hii ikapanda nazo. Akaunti ya kawaida ya akiba benki haikusogea karibu. Mfuko unasimamiwa chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, mali yake inashikwa na mtunzaji aliye mbali na meneja, na ukibadilisha kazi haubaki nyuma. Kwa fundi au mama wa duka asiye na mshahara wa kukatwa mwisho wa mwezi, hilo ni jambo kubwa.

Ila riba ile haikukaa. Agosti 2024 Benki Kuu ilianza kushusha, na kufikia katikati ya 2025 dhamana hizo hizo zilikuwa zikilipa kama asilimia 8. Aliyepanga nyumba yake kwa asilimia 15 alichukua mwaka mmoja mzuri akautandaza juu ya miaka mitano.

Tuseme basi unaweka shilingi 10,000 kila mwezi kwa miaka mitano. Umeweka 600,000 kwa mkono wako. Mfuko ukilipa asilimia 10, kodi ya asilimia 15 inayokatwa kwenye riba inakuachia 8.5, na mwisho wa safari una kama 744,000. Ukiweka mahali panapokuachia asilimia 7.5, una kama 725,000. Tofauti ni 19,000. Pointi nzima ya riba, ile ambayo watu huhamisha akiba kuifukuzia, kwa miaka mitano haifikii michango ya miezi miwili. Iwe pointi mbili, tofauti inakuwa kama 38,000; bado ni chini ya miezi minne.

Narudia hesabu hii kila ninapoweza kwa sababu inahamisha swali. Ikiwa miezi miwili tu ya michango inameza faida ya pointi moja, basi jambo la kuuliza kwanza ni pesa zitatoka mara ngapi katika miezi 60. Na zitaombwa. Mjomba atafariki na kundi la WhatsApp la matanga litafunguliwa usiku huo huo. Mdogo wako atahitaji karo Januari. Rafiki ataoa, nawe utawekwa kwenye kamati bila kuulizwa. Siwaiti wanaotoa watu wasio na nidhamu. Jamaa wanalia, pesa ziko kwenye simu, umbali wa nambari ya siri, utasemaje huna?

Hapo ndipo Sacco inapofanya kazi ambayo haiandikwi kwenye jedwali lolote la riba. Inakupa jibu la kweli: pesa ziko Sacco. Kenya nzima inalielewa jibu hilo, na hakuna anayekuona mchoyo kwa kulitoa. Michango inakatwa kwenye mshahara kabla hujauona, na akiba haitoki mpaka ujiondoe uanachama, kwa kawaida kwa notisi ya siku 60. Kufuli hilo ndilo linalolalamikiwa zaidi. Kwa mtu anayekusanya pesa za nyumba huku ana ukoo nyuma yake, mimi naliona ndiyo faida yenyewe.

Halafu kuna lile la mara tatu. Desturi ya Sacco ni kukukopesha hadi mara tatu ya akiba yako, na wengi huingia kwa ajili hiyo. Hapa inabidi watetezi wa Sacco, nami nikiwamo, tuseme mambo yote. Akiba ya 600,000 inafungua mkopo wa 1,800,000. Kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio linalopungua, ukilipa kwa miezi 60, kila mwezi ni kama 40,000, na riba yote inafika kama 600,000, sawa na ulichokusanya miaka mitano. Anayeumia kuweka 10,000 atazitoa wapi 40,000? Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inazuia makato yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Zaidi ya hayo, akiba yako inabaki imeshikilia mkopo, kwa hiyo huwezi kuichukua ukampa muuza nyumba kama arbuni.

Anayelenga mkopo wa nyumba wa benki, wenye arbuni ya kutolewa siku moja, Sacco haimfai vizuri. Lakini tunaongea kana kwamba hiyo ndiyo njia ya kawaida. Mwishoni mwa 2023 mikopo ya nyumba nchini kote ilikuwa kama 30,000. Wakenya wengi wenye nyumba walipitia kwingine: kiwanja, kisha msingi, kisha kuta, kisha mabati, kila hatua na mkopo wake mdogo uliolipwa kabla ya mwingine. Hesabu ya 400,000 za kiwanja inabebeka kwenye mshahara ambao 1,800,000 zingeuvunja. Sacco ilizaliwa kwa mwendo huo. Na hata upande wa mkopo mrefu, KMRC, kampuni inayokopesha wakopeshaji wa mikopo ya nyumba, iliyopewa leseni na Benki Kuu mwaka 2020, inapitisha fedha zake za riba nafuu kwa benki na kwa Sacco pia.

Hatari ya kweli ya Sacco iko kwa wanaozishika hizo pesa. Ukaguzi uliofanywa KUSCCO, muungano ambamo Sacco nyingi ziliweka akiba za wanachama wao, ulifichua pengo la zaidi ya shilingi bilioni 13. Mwanachama aliyekuwa hajawahi kulisikia jina hilo alijikuta Sacco yake inatenga pesa kufidia hasara. Bima ya amana ya KDIC, inayolinda hadi 500,000, ni ya wenye akaunti benki. Haiifikii Sacco, na haiifikii MMF pia, jambo ambalo wauzaji wa mifuko hawalitaji kwa sauti. Kwa hiyo hakikisha jina la Sacco liko kwenye orodha ya waliopewa leseni na SASRA, msimamizi wa Sacco, soma hesabu zilizokaguliwa, na kwenye mkutano mkuu uliza pesa zetu zimewekwa wapi. Ukijibiwa kwa hasira, jibu umelipata.

Kwa aliyeajiriwa mwenye miaka minne au mitano mbele yake, ningesema Sacco ibebe sehemu kubwa, na MMF ishike dharura, ili mjomba akifariki pawe na pa kugusa. Ukibakiza mwaka mmoja kabla ya kununua, michango mipya yote iende MMF, kwa sababu muuzaji, wakili na ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini, hawasubiri notisi ya mtu.

Na uangalie umemdhamini nani, kwa maana mkopo wa Sacco hudhaminiwa kwa akiba za wanachama wengine. Mimi nilimwekea saini mfanyakazi mwenzangu kwa dakika mbili, tukiwa tumesimama kwenye foleni ya chakula. Alipoacha kazi mkopo ukiwa bado, akiba yangu ilishikwa miezi kumi na moja, na kiwanja nilichokuwa nimekikagua kikauzwa kwa mwingine. Kama unapanga kutoka, waombe uliowadhamini watafute mdhamini mwingine mwaka mzima kabla, na uchukue barua ya Sacco inayosema umeachiliwa.